Safu ya Tatu

Nilikuwa karani wa zahanati ya masista, Ujiji,
mimi Feruzi bin Mabruki, mtoto wa mwadhini wa Kitongoni.
Siku ya kwanza baba alinitazama nikifunga viatu, akasema:
Kalamu haijui kibla. Anayeijua ni mwenye mkono.

Daftari lilikuwa na safu tatu.
Waliozaliwa. Waliokufa. Waliobatizwa.
Ya kwanza ilijaa kama mtumbwi wa dagaa usiku wa giza,
ya pili, Mola atusamehe, nayo haikukosa mtu.
Ya tatu Sista Lidwina alichora kistari,
kistari kifupi, mwaka baada ya mwaka,
kama afungaye mlango taratibu, asiamshe mtoto.

Alishuka garimoshini, mifupa mitupu na miwani,
na sanduku la vitabu vya sala
ambavyo mchwa walivisoma kabla yetu.
Kiswahili alijifunzia leba:
alijua "sukuma" kabla ya "shikamoo",
alijua "bado" kabla ya "karibu".
Wanawake wa Kasingirima walimwita Bi Liduwi,
wakamcheka anavyokaa mkekani,
magoti juu kama panzi.

Ramadhani chai yake aliinywea stoo,
nyuma ya magunia ya maziwa ya unga.
Nilimwona. Akaniona nimemwona.
Magharibi aliacha dirisha wazi,
sauti ya baba ipite juu ya mabati,
naye atie saa yake majira.

Kisha ikaja barua, karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu.
Miaka kumi na tisa, Sista. Wangapi?
Hawakuuliza wangapi wanapumua.
Shamba lisilo mavuno, waliandika, hufungwa.

Usiku ule nilibaki na taipureta.
Tausi wangu alikuwa na mimba ya miezi saba;
ya kwanza tuliizika.
Hospitali ilikuwa Kigoma, maili tano,
na baiskeli yangu haikuwa na tairi la nyuma.
Hizo ndizo hesabu nilizopiga. Dini sikuikumbuka.
Safu ya tatu nikaandika: saba.
Nikawapa na majina.
Yohana alikuwa Sefu, mpwa wangu, mwizi wa maembe mabichi.
Monika, astaghafiru, alikuwa mama yangu mzazi,
ambaye saa ile ile alikuwa juu ya msala.

Asubuhi Sista alisoma amesimama.
Hakufoka. Alichukua wembe wa kukatia vitovu,
akakwangua jina moja moja
mpaka karatasi ikatoboka kwenye Monika.
"Feruzi," akasema, "nitamtazamaje mama yako?"
Akapuliza vumbi la wino.
"Na Yule aliyenituma, nitamtazamaje?"
Kando ya tundu akachora kistari.

Februari alimpokea binti yangu, akamkung'uta mgongo akalia.
Baba alimwadhinia sikioni pale pale leba,
Sista akiwa ameshika taa.
Machi wakafunga.
Wanawake walimsindikiza stesheni na chupa za mawese,
migebuka mikavu, na khanga ambayo hakujua kuifunga.
Mama alimpa kuku. Kuku yule alipanda behewa la pili
akipiga kelele hadi treni inapinda.

Aprili, Mwanaidi wa Rutale alifia njiani,
juu ya mkokoteni, usiku, mvua ikinyesha,
na kichwa cha mtoto kimeshatoka.
Mumewe alisukuma maili tatu kabla ya kujua anasukuma maiti.

Sista aliandika kila mwaka. Mwandiko ulizidi kuinama.
Kina mama hawajambo? aliuliza. Wanajifungulia wapi?
Nami nilimjibu: hawajambo, Sista,
wote salama, wanakusalimu.

Huo ni uongo wa pili.
Aliufia akiuamini, huko kwao kwenye barafu,
na wembe wake ninao mimi,
kabatini, umeshika kutu.