Bambo

Kibaigwa, sokoni, kazi yangu ni bambo:
nachoma gunia ubavuni, punje zinamwagikia kiganjani,
moja naitia menoni. Ikilia ka! imekauka.
Ikikaa kimya nasema, baba, rudi nayo ukaanike.

Sasa Sechelela, mtoto wa kaka yangu, kidato cha tatu,
kaniletea riwaya tano za vijana, mpya, zinanuka gundi,
kazifunga kwa kamba ya katani.
"Soma, shangazi. Mwalimu Chilongani anataka maoni ya mtu mzima.
Ukurasa mmoja tu."

Nimezisoma usiku, mgongo kwenye magunia ya alizeti,
tochi ya simu ikichungulia begani.

Ya kwanza, jalada la kijani. Yatima anafaulu.
Ukurasa wa tatu nimeshajua atafaulu,
ukurasa wa kumi hata mbuzi wake ameshajua.
Mjomba mbaya ni mbaya toka asubuhi hadi usiku,
hapigi hata chafya ya wema.
Mwandishi, mimi nimewajua wajomba.
Walio wabaya hukununulia viatu.

Ya pili imetutaja sisi! Nilifurahi, nikakaa vizuri.
Kumbe Dodoma yake ni vumbi, na njaa, na vumbi.
Msichana wa Kigogo ana macho ya huzuni
toka sura ya kwanza mpaka ya tisa.
Hakuna anayeunguza mlenda akasingizia kuni,
hakuna anayegombea bei ya zabibu za Hombolo,
hakuna anayecheka, na huku kwetu
hata matangani kuna mtu lazima atolewe nje kwa kucheka.
Halafu mvua inanyesha mwezi wa nane.
Mwezi wa nane!
Nilikifunga kitabu, nikatoka kuangalia mbingu.
Zilikuwa kavu kama nilivyoziacha.

Ya tatu ina watu wenye mabawa. Sina ugomvi na mabawa.
Lakini mtu ana mabawa, ana mji wa kuokoa,
na bado anasimama kurasa sita
kunieleza faida za kusoma kwa bidii.
Ruka, mwanangu. Ruka tu.

Ya nne, mapenzi. Mvulana wa pikipiki, meno meupe,
msichana analia kila baada ya kurasa nane, nimehesabu.
Nikaandika juu ya jalada kwa kalamu nyekundu ya magunia:
UNYEVU MWINGI. RUDISHA.

Sechelela akasoma, akanyamaza.
Halafu: "Shangazi, bambo huchoma mahali pamoja."
Akafungua ukurasa wa mia na kumi na mbili.
Kona imekunjwa, imekunjuliwa, imekunjwa tena
mpaka inataka kukatika.
Msichana yule anamwambia mama yake:
nimechoka kuambiwa nina nguvu.
Basi. Mama anaendelea kuchambua mchicha.
Na pembeni, alama ya kidole chenye mafuta,
kidogo kuliko changu.

Sikumwuliza.
Mimi ndiye niliyemshika bega siku tunamzika kaka,
nikamwambia, usilie, Sechelela, wewe una nguvu.

Usiku ule niliianza upya, bila kuhesabu machozi.
Bado ina maji, hilo nasimama nalo.
Yule wa pikipiki bado hanifai,
na mwisho umekimbizwa kama lori linalokwepa mizani ya barabarani.
Lakini maneno yangu mekundu nimeyakata,
nikaandika chini yake, kwa herufi ndogo:
punje moja imelia.

Ya tano bado.
Mwalimu anasubiri ukurasa wake, na asubiri.
Kumekucha, malori yanapiga honi, wanaulizana nani kaondoka na bambo,
nami kidole changu kiko ukurasa wa sabini na moja:
kuna kijana hajatamka neno tangu kitabu kianze,
nataka kujua
atamwambia nani kwanza.