Vidonge Ishirini na Kimoja

Pakiti ilivuka mpaka ndani ya soksi ya dereva wa lori,
ikafika Botoșani theluji ikiwa magotini,
kwa bei ya kilo mbili za kahawa
na viatu vya harusi vya mama yangu.
Maandishi yake yalikuwa ya Kihungaria.
Mama hakuyajua. Smaranda hakuyajua.
Aurica alilitambua neno moja tu, la "asubuhi",
akalirudia kama aliyeokota funguo bila mlango.

Wakavimwaga mezani, juu ya kitambaa cha plastiki.
Vidonge ishirini na kimoja, wanawake watatu:
hesabu ambayo hata mtoto angeiweza.
Saba, saba, saba.
Kizuri kula na nduguyo, au sivyo?
Walikwisha kugawana sabuni,
walikwisha kugawana foleni ya mayai,
mmoja akisimama usiku ili wawili walale.
Nani angedhani kidonge hakijui undugu?

Kiwandani, kila baada ya miezi mitatu,
mashine za kufuma zilizimwa
wakaitwa kwa namba, nyuma ya pazia.
Daktari mikono baridi,
kando yake mtu wa koti la ngozi, daftari gotini.
Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki;
huko hata kikohozi kilifunguliwa jalada.
Watoto walidaiwa kama chuma, kama mahindi,
na aliyepunguza mavuno alikuwa mwizi.

Smaranda alibahatika: mumewe alikuwa machimboni, mbali.
Mama alikosa siku zake mwezi wa Machi.
Aurica alikosa Aprili,
naye tayari ana wanne na kitanda kimoja.

Sitasimulia ya jikoni kwa yule mwanamke wa mtaa wa pili.
Nitasimulia wodi tu:
homa,
balbu inayofifia,
mtu wa koti la ngozi amevuta kiti.
Jina kwanza, dawa baadaye.
Daktari akangoja jina.
Damu haikungoja.
Aurica alilimeza lile jina,
kidonge chake cha nane,
akafa nalo Alhamisi, kabla ya zamu ya mchana.

Mimi nilizaliwa mwishoni mwa Novemba.
Mama hakunificha. Nilipovunja ungo alinikalisha, akasema:
"Sikukutaka. Kisha nikakutaka.
Ni mambo mawili. Usiyachanganye,
wala asikuchanganyie mtu."

Wapo wanaoniuliza, wakiisikia habari hii,
kama sioni deni langu kwa sheria ile.
Huwajibu kwa kuwataja wanne wa Aurica:
wawili kwa shangazi, wawili nyumba ya serikali,
wamegawanywa mezani, nao pia,
na watu waliodhani hesabu imetimia.
Naupenda uhai wangu. Naupenda asubuhi, na siki kwenye supu.
Lakini sitaufanya kuwa rungu
la kumpigia mama yangu.

Wiki iliyopita nilimnunulia mpwa wangu pakiti.
Duka la kwanza, muuzaji alisema vimekwisha,
macho yake yakakimbilia rafu iliyojaa.
Duka la pili vilikuwepo, bei ya chakula chake cha siku mbili;
yeye husoma, na hula mara moja.
Nikalipa. Niliwaza viatu vya harusi.

Jioni mama akaomba karatasi ya ndani,
ile iliyokunjwa mara nane, herufi za sisimizi.
Macho yake hayawezi tena, nikamsomea:
madhara, tahadhari, mahali pakavu,
lugha yetu wenyewe, kila neno.
Alinyamaza, kiganja juu ya meza
kana kwamba anazuia kitu kisiviringike.
Nikafika: kimoja kila siku, saa ile ile,
kwa siku zote ishirini na moja;
usimpe mtu mwingine.

"Soma tena hapo," akasema.
Nikasoma.
"Tena."