Kipande Kilichobaki

Simu imetoka Malindi, zimebaki siku mbili kufika arobaini.
Ni Kahindi wa maabara, sauti yake
kama ya mtu anayevua viatu mlangoni:
"Dada Mwanashee, vile vya mama bado vi hai."

Vile vya mama.
Hakusema saratani. Hakusema uvimbe.
Alisema vile, kama anayetaja vifaranga.

Mama alikuwa mshona kofia, hapa Langoni.
Kofia za vito, tundu kwa tundu,
uzi mweupe kuzunguka kijitundu kisichozidi punje ya mtama,
miezi minne kwa kofia moja.
Akikosea safu hafumui kwa hasira.
Hulamba kidole, hurudi nyuma akihesabu kwa mnong'ono
mpaka afike pale mkono ulipoghafilika.

Na bado lile jiwe la titini alilificha mwaka mzima
chini ya kanga mbili,
yeye ambaye hakuna tundu lililompita.
Mficha maradhi, wanasema.
Wasemao hawajawahi kuvua nguo
mbele ya daktari aliye rika la mwana wao.

Kahindi alikuja na sanduku la barafu na karatasi ya idhini.
Akaeleza polepole, kwa Kiswahili chake cha Magarini:
tutakata kipande kama ukucha wa kidole cha mwisho,
tukipande kwenye ute, katika kisahani,
kiote huko kama kilivyoota ndani,
kisha dawa tuzijaribu juu yake kwanza,
sumu ipige kisahani kabla haijapiga mwili.
Na maandishi yake tutayasoma,
herufi nne tu, zimerudiwa mabilioni,
tutafute paliporukwa.

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu Rajabu.
"Kumbe nawe u mshona kofia."
Akatia dole gumba.

Wiki ya pili alituletea picha kwenye simu:
waridi na zambarau, kama doti iliyochuja.
Kuna kompyuta, alisema, imeoneshwa slaidi laki mbili,
yenyewe sasa hujua pa kutia alama.
Mama akaisogeza miwani.
"Hapa," akasema, "safu imevurugika hapa,"
kabla Kahindi hajagusa kitufe.
Alama nyekundu ikaja, ikakaa karibu na kidole chake.
Si palepale. Karibu.

Dawa ya tatu ndiyo iliyokiyeyusha kisahani.
Jibu lilifika Jumatano.
Mama tulimzika Jumatatu.

Nisemeje, basi?
Mwosha aliniuliza kama mwili u kamili, nikajibu, kamili.
Sikutaja Malindi,
sikutaja lile kabati lenye joto la mwili
ambamo kipande chake kinapumua bila yeye.
Sisi huku tunamsomea Yasini.
Wao kule wanamlisha aliyemuua,
kila siku ya tatu, maji mekundu yenye sukari.

Kahindi anangoja. Nasikia mashine ikivuma nyuma yake.
Kuna mwanamke wa Ganda, ananiambia,
ana miaka thelathini na mmoja, ananyonyesha,
na maandishi yake yamerukwa palepale pa mama.
Wangependa kuvigawa vile, kuvijaribu kwa dawa mbili mbili.
Mama aliidhinisha yake tu. Ya watu wengine ni juu yangu.

Mapajani nina kofia yake ya mwisho,
safu tatu hazijashonwa, sindano i pale alipoiacha.

"Vimekula leo?" nauliza.
Anasita. "Ndiyo, dada. Alfajiri."

"Basi vigaweni.
Lakini mkimaliza, kitakachobaki
msikitie tanuri pamoja na glavu na pamba.
Nipigie. Nitapanda basi la asubuhi.
Nitakuja na kipande cha sanda,
hakitazidi kofia."