Vidole Viwili

Damasi Chilumba alianza na ngedere.
Shamba la karanga la baba yake, Kitangari,
umri miaka tisa, fungu la mapumba miguuni,
na ngedere mmoja mwenye sikio lililokatika
aliyejua jiwe la mtoto linaishia wapi.
Alikaa hatua moja mbele ya hapo, akitafuna.
Kila wiki Damasi aliongeza hatua hiyo moja.

Mimi sikuwapo. Nilisimuliwa chuoni Mtwara,
tukisomea ualimu wa hisabati,
vitanda vimepakana, bomba limekauka.

Mwalimu Hayashi alikuja na mpira mmoja.
Mmoja! Na glavu mbili,
ya pili ya mkono usiotuhusu.
Alichora pembe nne kwa majivu
katikati ya uwanja wa kandanda, wenye uwanja wakang'aka.
Akauliza nani haogopi kupigwa.
Nilichelewa kujibu. Akanivika glavu,
akasema: chuchumaa.

Nilichuchumaa miaka miwili.

Mpira ulipochanika tulimpelekea mama yangu,
Somoe, mshona magunia wa ghalani Shangani.
Aliushona upya kwa uzi wa katani,
akihesabu kwa sauti: mia na minane.
"Gunia halifiki hata thelathini," alisema,
"na linabeba kilo themanini.
Hiki kinabeba nini?"
Damasi alicheka. Mimi sikucheka.

Kidole kimoja: moto.
Vidole viwili: ule alioubuni mwenyewe,
unaokuja umetulia kama bado uko tawini,
kisha unadondoka, wala hapana upepo.
Tuliuita Bibo.
Ulinivunja kidole cha shahada. Hakijanyooka.

Kwenye mashindano ya Dar mzungu mwenye kofia
alimpiga tochi kama trafiki wa Mnazi Mmoja,
akaitazama tochi,
akaipigapiga gotini, akampiga tena.
Hakuandika faini. Aliandika jina.

Chuo cha pili kilikuwa ng'ambo, kwenye theluji.
Halafu daraja la chini, na chini ya hilo lingine,
mabasi ya usiku kucha, mkate na siagi ya karanga.
"Karanga zimenifuata toka Kitangari," alinitumia sauti,
nyuma yake watu wakikoroma kwa Kihispania.
Halafu miezi minne kimya.
Halafu picha ya kiwiko, kovu refu kama siafu kwenye msafara.
Walitoa mshipa mkono wa kushoto
wakaupandikiza wa kulia.
"Wamenibebesha," aliandika, "kama mkorosho wa Naliendele."
Nikamjibu: uliobebeshwa huzaa mapema.
Nilidanganya kidogo. Mwingine hunyauka.

Mimi ni karani wa mizani sasa, chama cha msingi, Masasi.
Hisabati ileile.
Septemba hii, mikorosho ina maua na punje changa,
mnada bado, magunia bado matupu,
saa nane na nusu za usiku,
mimi na mlinzi, mzee Nantipi,
tumeegemeza simu kwenye jiwe la mizani.

Akatoka. Kofia imemzidi kichwa.
Watu elfu arobaini, na hakuna hata mmoja
anayejua habari za ngedere.
Wa kwanza alimpa njia ya bure, mipira minne ovyo.
Wa pili aliupiga juu sana, ukadakwa.
"Kijana anatetemeka," alisema Nantipi,
ambaye mchezo aliufahamu dakika sita zilizopita.

Wa tatu ana shingo kama kinu.
Nikajikuta nimechuchumaa kwenye saruji,
mkono kati ya magoti,
vidole viwili, kimoja kimepinda.

Damasi akatikisa kichwa.

Si mimi aliyenikatalia, najua.
Yupo mwingine pale, ana kinyago cha chuma,
analipwa kuchuchumaa.
Nikashusha kimoja. Akatikisa kichwa tena.
Nikarudisha viwili.
Akakubali.

Mkono ukazunguka, mpira ukatoka,
na bando likakwama:
mpira hewani, mweupe, umening'inia,
kiduara kikizunguka juu yake.

"Imekuwaje?" akauliza Nantipi.
Huko ng'ambo tayari imeshakuwa.
Mimi nilikuwa bado nimefungua kiganja.