Jina la Kumi na Tisa

Ufunguo wa koki nauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu.
Saa kumi na moja alfajiri, Msongola bado giza,
madumu yameshapanga foleni kabla ya wenyewe:
la njano lililokatwa shingo, la mafuta ya kula,
na ndoo ya rangi ya nyumba, ya Mama Elinipa,
mpini umefungwa kitambaa chekundu
ili tujue ni yake, na tusijisahau.

Ndoo shilingi hamsini. Naandika.
Zamani wa mkokoteni alituuzia dumu mia tano,
maji ya chumvi, chai ikikataa sukari,
sabuni ikigoma kutoa povu,
watoto wakiharisha hadi macho yanazama.
Hayo sitaki kuyachota tena.

Waliotuchimbia kisima walileta na mbuzi.
Watano tu, wa maziwa, masikio kama kandambili,
kwa kaya ishirini na tatu.
Tukaokota namba kwenye kofia ya mjumbe.
Wa kwanza hadi wa tano, mbuzi.
Wengine, subira: mtoto jike wa kwanza si wako,
wa kwanza amlipe wa sita, wa pili amlipe wa saba,
na anayelipwa naye alipe, hivyo hivyo hadi mwisho.

Somoe akaokota nne.
Mama Elinipa akaokota tisa.
Kofia haikujua, au ilijua,
kwamba hawajasalimiana tangu Ramadhani,
ndoo ya mmoja ilipoisukuma ya mwenzie,
maji yakamwagika, na maneno nyuma yake.
Maji yakimwagika hayazoleki.
Maneno yale niliyasikia. Hata chepeo lisingeyazoa.

Somoe akamwita mbuzi wake Mkopo.
Mkopo akazaa dume.
Mama Elinipa akapita mbele ya banda akitazama mawingu.
Mkopo akashika mimba tena.

Ndipo pampu ikafa.
Siku tisa. Fundi yuko njiani,
fundi yuko Gongo la Mboto,
fundi simu yake haipatikani.
Mkokoteni ukarudi, dumu elfu moja,
mwenyewe anapiga mluzi.

Siku ya saba Mkopo alilala ubavu, tumbo limemshinda,
Somoe anamlowesha pua kwa pindo la khanga.
Mama Elinipa ana pipa la maji ya mvua.
Lina kufuli. Mtaa mzima tunajua lina kufuli.
Usiku ule nikalisikia likifunguka.
Akavuka ua na ndoo ya kitambaa chekundu,
akaitua mbele ya mbuzi, si mbele ya mtu.

"Sikukuletea wewe," akasema.
"Namnywesha wangu. Yumo humo ndani."

Somoe akakaa kimya, mbuzi anakunywa, anakunywa.
Kisha: "Basi mwambie huyo wako
aache kumpiga mateke mama yake."

Alikuwa jike, mweupe, doa sikioni.
Alipoachishwa ziwa walikuja kwangu kuandikiana,
mmoja kwa kalamu, mmoja kwa dole gumba.
Sisemi wamepatana. Jana tu
wamegombea nani katangulia foleni.
Ila waligombana wakitazamana.

Ukurasa wa mwisho wa daftari,
nyuma ya hamsini hamsini zote,
nimenakili orodha kwa siri yangu.
Nne, Somoe. Tisa, Mama Elinipa.
Kumi na nne, Chande fundi baiskeli.
Kumi na tisa, mimi.
Kati yangu na mbuzi yamebaki matumbo mawili,
miezi mitano kila tumbo, na dume hahesabiki.

Kwa hiyo yule mweupe akinijia mchana
analamba bomba lililokauka,
namfungulia. Simwandiki.
Mjumbe akiuliza hesabu mbona imepungua,
nasema koki inavuja.