Ncha za Kamba

Wanasema ajali haina kinga.
Aliyeitunga methali hiyo
hakuwahi kusimama juu ya Kinyozi,
mnara wa mawe ya mchanga, mita thelathini na mbili,
Bohemia ya kaskazini, mwezi wa Oktoba,
jua limebaki vileleni mwa misonobari
na huku chini kumeshakuwa kiza.

Tulikuwa tumetia saini kitabu cha kileleni,
kile kinachokaa ndani ya kasha la bati
pamoja na penseli iliyotafunwa na wageni.
Otakar akachora bata, kama ada yake.
Mimi nilikuwa na njaa. Niandike hivyo hivyo:
nilikuwa na njaa ya supu ya kitunguu saumu
ya mama Ludmila, kule chini ya reli,
na jiko lake hufungwa saa moja.

Nikaipitisha kamba kwenye pete, nikaitupa.
Ikashuka ikinong'ona, shii, shii,
kama mtu anayembembeleza mtoto,
kisha ikanyamaza.
"Imefika?" akauliza Otakar.
"Imefika."

Sikuiona ikifika.
Niliisikia ikinyamaza tu,
na kimya nikakifanya ardhi.

Fundo moja kila ncha, kazi ya nusu dakika:
mimi nilidhani atafunga yeye,
yeye alidhani nimeshafunga mimi,
na kati ya dhana mbili
palikuwa na mita nne za hewa.

Kile kitanzi chembamba
kinachoibana kamba pindi mkono ukiteleza
kilikuwa mfukoni mwake, kimekunjwa vizuri,
kipya, cha samawati.
Pengine kisingemfaa kitu siku ile.
Nakitaja kwa sababu nilimwona akikiacha mfukoni
na nikatazama pembeni.

Hakupiga kelele.
Ncha fupi ilichomoka kwenye chuma, ikachapa jiwe,
kamba nzima ikapita peteni mbele ya macho yangu
ikimfuata, mita baada ya mita,
kisha majani ya kangaga yakavunjika,
kisha likaja tusi refu la Kicheki,
nami nikashukuru kwa kila neno lake.

Kisigino cha kushoto. Skurubu saba.
Mimi nilibaki juu na bata wa penseli
mpaka waokoaji walipofika, saa nane usiku.

Hospitalini watu walikuja na maua,
na mmoja akaja na methali: kamba hukatikia pabovu.
Lakini kamba haikukatika. Naifungia kuni hadi leo.
Pabovu palikuwa kinywani mwangu,
neno moja, silabi nne.

Otakar hakunilaumu hata mara moja.
Basi fundo nililopaswa kulifunga kambani
limejifunga kifuani,
na hili halina ncha ya kushika.

Miaka tisa. Kinyozi tena.
Vlasta, binti yake, ana kumi na saba
na mikono mirefu ya baba yake.
Mafundo yapo. Nimeyafunga nikiyataja kwa sauti
kama mwendawazimu anayehesabu watoto wake.
"Iko sawa?" ananiuliza.
Jibu langu nimelifanyia mazoezi miaka yote hii:
"Usiniulize mimi. Shika. Vuta. Tazama."

Anashika. Anavuta. Anatazama,
pete, kulabu, kitanzi,
anauachia uzito wake wote ukae kambani
kabla hajajifungua kwenye nanga,
taratibu, hata natamani kumwambia supu itapoa.

Halafu hashuki.
Ananigeukia, anainama kiunoni pangu,
anagusa kulabu yangu kwa kidole kimoja.
Skurubu yake iko wazi.
Labda tangu asubuhi.

Haifungi yeye. Anangoja.

Naizungusha.
Mara moja, mara mbili,
mpaka igome.