Bakuli la Saba

Gyumri, theluji imefika dirishani.
Nvard, miaka sita, kajilaza kifudifudi zuliani,
mbele yake utenzi wa beti elfu nne
uliokamuliwa ukawa kurasa ishirini na picha.

Vita ni farasi wawili na vumbi la manjano.
Njaa ni paka kimbaombao.
Kifo hakimo. Mhariri alikifuta:
watoto watalalaje?

Lakini mchoraji, mkono wake mkaidi,
alichora karamu, ndugu sita wakila,
na mabakuli saba.

Nvard anahesabu kwa kidole chenye jamu.
Anahesabu tena, huenda mmoja kajificha chini ya meza.
"Baba, hili la nani?"

Hrayr anaziacha kuni kinywani mwa jiko.
Angeweza kusema: la mgeni.
Angeweza kusema: kumekucha kesho, lala.
Anapanda kiti, anashusha kitabu kinene cha marehemu mama yake,
kisicho na picha hata ya sisimizi,
anakipuliza, vumbi linamrudia, anapiga chafya mbili.

"Sogea."

Nvard anasogea,
kitabu chake kikiwa wazi magotini,
ukurasa uleule,
ili bakuli nalo lisikie.